Tonge la Kwanza la Bi Siwema

Sogeeni karibu. Mwenye haraka ya kujibu ajizuie, maana kisa hiki kimeshawagombanisha watu wenye akili zao.

Bi Siwema wa bonde la Rufiji alikuwa na shamba moja la mpunga na watoto watatu wa kuliamia, yaani kulifukuzia ndege. Tunu, mkubwa, alikuwa na jicho jepesi: akikutupia jicho mara moja ameshakujua, ila akikutazama sana anaanza kukushuku. Mkwaya alikuwa mzito, salamu yake uisubiri. Lakini kadiri alivyokitazama kitu ndivyo alivyozidi kukipata. Zamda, kitinda mimba, hakujali alichokiona mwanzo. Aliamini alichokiona mwisho, na papo hapo akageuza nia.

Msimu uliopita mama yao aliona wingu jeusi, akamshukuru Mungu kwa mvua, akatoa masufuria nje kukinga maji. Kumbe lilikuwa kundi la kwelea kwelea, ndege walao nafaka. Yalibaki mabua matupu, na nyumba ile ikala ming'oko, mizizi ya porini, mpaka ikasahau ladha ya wali. Safari hii mpunga ulipoiva, Bi Siwema aliapa, "Atakayeuokoa, nitamlisha tonge la kwanza la limbuko kwa mkono wangu." Kwao anayelishwa tonge hilo ndiye msemaji wa shamba msimu unaofuata.

Asubuhi moja ukungu ulitanda. Ukafunguka kidogo, ukajifunga tena. Katika upenyo ule Tunu, aliyekuwa juu ya dungu, kichanja cha kulindia shamba, aliona doa.

"Ndege," akasema, akapiga debe. Majirani wakaja mbio na makombeo. Bila debe lile wangekuwa bado wanakunywa chai.

Lakini ukungu ulipoinuka, doa lilifanana na moshi wa tanuri la mkaa. Tunu mwenyewe akasita. Majirani wakaguna, wengine wakashika njia ya kurudi.

"Subirini kwanza," akasema Mkwaya. Akatazama, akatazama, mpaka watu wakamchoka. "Moshi haujikunji ukarudi ulikotoka. Hao ni ndege, na wanakuja upande wa mtoni."

Wakajipanga mtoni. Kundi lilipotaka kutua, likapokewa kwa madebe na mawe.

Zamda alikuwa na kijinga cha moto, na rundo la majani liko kila upande wa shamba. "Washa hapo hapo mtoni," kaka yake Mkwaya akamwambia. Zamda akainama kuwasha, akaona ndege wanapinda kuelekea upande wa juu wa shamba. Akaacha, akakimbilia rundo la juu, akalitia moto. Moshi ukawapiga ndege usoni. Kundi zima likapaa, likavuka mto, likaenda zake.

Vigelegele vilisikika hadi ng'ambo. Bi Siwema alilia kwa furaha mbele za watu, wala hakujifuta.

Siku ya limbuko akafinyanga tonge.

"Mimi ndiye niliyewaita watu," Tunu akasema.

"Wakaja, wakataka kuondoka," akajibu Mkwaya. "Nani aliwazuia, dada?"

"Na ndege walipogeukia juu," Zamda akauliza, "ungewarushia mawe kutoka mtoni, kaka?"

Mama akawatazama mmoja mmoja, mkono uko hewani. Wali unapoa, na midomo mitatu iko wazi. Haya, ninyi mnaocheka: mkono huo ungekuwa wako, tonge ungemlisha nani?