Kalunguyeye, Kiboko na Njia Mbili za Kivukoni

Hodi, ngano!
— Karibu, ngano!
Nipite mlango wa mbele?
— Ungepita wa nyuma!
Haya, nipite wa nyuma?
— Ungepita wa mbele!
Basi nitasimulia nikiwa dirishani, nyie wakosa adabu.

Siwema, wewe unayechekacheka na mchumba wa nchi ya mbali, hebu sogea hapa. Ngano hii ni yako. Wengine mnaisikiliza kwa hisani tu.

Paliondokea bonde moja lenye maji, majani na kivuli, likaitwa Bonde tu, kwa kuwa wenyeji wake waliamini hakuna jingine. Ng'ambo ya mto ilikuwa nchi kavu. Ukipiga chafya huko, vumbi linakujibu. Katikati ulipita mto, mtoni palikuwa na kivuko, na kivukoni palikuwa na mlinzi. Kiboko. Mnene huyo! Shingo hana, aibu hana.

Sasa Nungunungu, mwenyeji wa Bonde, mzaliwa wa hapo hapo, siku moja alivuka kwenda kutembea Ng'ambo. Akamwona Kalunguyeye, kiumbe kidogo cha kutosha kiganjani, miiba mifupi, macho mawili ya kushangaa. Moyo ukafanya paa! Akaposa, akatoa mahari, karamu ikaliwa. Wakakaa pamoja kwa mke miezi michache, kisha bwana harusi akarudi Bonde kumwandalia mkewe shimo la kuishi. Na mke asiingie? Taratibu. Nchi za watu haziingiwi hivi hivi.

Sheria ya Bonde ilisema hivi: mke au mume wa mwenyeji ana njia mbili za kupata ukaazi wa kudumu. Ya kwanza ni njia ya nje: unakaa kwenu, mwenzio anakuombea, mpaka uitwe. Ya pili ni njia ya ndani: ukiwa umeshaingizwa Bonde kwa ruhusa, unaomba humo humo, na usitie hata ukucha nje mpaka ujibiwe. Chagua moja. Rahisi, sivyo?

— Rahisi!

Rahisi mnaijua nyie! Ngojeni.

Kalunguyeye akachagua njia ya nje. Akaviringisha tikiti maji kwa pua, bingiri-bingiri-bingiri, mpaka ukingoni.

"Shikamoo, Bwana Mlinzi."

"Marahaba, shemeji! Umekuja na kifungua mlango?"

"Nimekuja nacho. Ila kwetu kifungua mlango hutoa bwana harusi, siku ya harusi, basi."

"Hapa hutoa yeyote, siku yoyote," akasema Kiboko. "Lisukume majini. Mimi ni mtu wa sheria, shemeji. Cha ndani ya Bonde naonja, cha nje sikigusi."

Tikiti likaelea. Kiboko akalivusha kwa pua mpaka ukingo wa ndani, na huko ndani, kisheria kabisa, akalipasua: kwaach! Nyamu, nyamu, nyamu. Akajifuta mdomo. "Ehe. Umeomba ukiwa nje? Pole, shemeji. Umekosea njia. Ungeomba ukiwa ndani. Ingia kwanza, kama mgeni."

Kalunguyeye akarudi nyumbani, akaleta tikiti jingine, bingiri-bingiri-bingiri. Kwaach! Akaruhusiwa kuingia. Hata hajafika kwa mumewe, sauti ikamfuata nyuma.

"Shemeji! Umeingia kama mgeni, na moyoni una nia ya kukaa?"

"Si wewe uliyeniambia niingie?"

"Kumbe ni kweli! Mgeni mwenye nia ya kukaa ni mwongo. Umekosea njia. Ungeomba ukiwa nje. Toka!"

Akatoka. Akaleta tikiti la tatu. Kwaach! Nyamu, nyamu.

"Umetoka?" Kiboko akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, mbegu zikimdondoka. "Aliyeko ndani akitoka, ombi lake limekufa. Umekosea njia tena, shemeji. Mbona huna bahati hivyo?"

Huku ndani naye Nungunungu alikuwa akipeleka maboga kumtetea mkewe. Kwa hiyo Kiboko alikula tikiti kutoka nje na boga kutoka ndani, akanenepa mpaka kivuko kikawa chembamba.

Basi Kalunguyeye alikuwa na mimba, jamani. Na kule Ng'ambo moshi ulishaanza kuonekana, nyika inawaka, na watu wa miguu mifupi hawashindani na moto. Akaona wanawe watazaliwa kwenye majivu. Wakipona, nao itabidi watafutiwe njia, kila mmoja na tikiti lake. Akalia. Kalunguyeye akilia hujikunja, kwa hiyo hakuna aliyemwona.

Alipokunjuka akauliza, "Bwana Mlinzi, nje nimekosea, ndani nimekosea. Nikae wapi?"

Kiboko hakutaka kumpoteza mteja. "Kaa hapo hapo kwenye jiwe, katikati ya maji. Mimi mlinzi nimekuruhusu. Usisogee mpaka nikuambie." Moyoni akasema: hapo hayupo nje wala ndani, kwa hiyo hana njia, na matikiti hayatakoma.

Kalunguyeye akapanda jiwe, maji yakamfika tumboni. "Asante, Bwana Mlinzi. Nimesimama uliponiambia."

Akasimama. Jua likachoma, akasimama. Mvua ya mbali ikaujaza mto, akasimama. Ndugu zake wa Ng'ambo wakamsukumia matikiti kutoka ukingoni, yakafuata mkondo mpaka kwa Kiboko.

Ikafika asubuhi ya wenyeji wote kuoga mtoni. Bi Tembo, mkuu wa Bonde, akaja na usingizi wake. Kanga nao wakaja kundi zima, wale wasioweza kukaa na neno hata wakifungwa midomo. Desturi ya siku hiyo ni kwamba chakula chochote kikitua ukingoni hugawanywa kwa wote. Kalunguyeye alikuwa akiingojea siku hii.

Ndugu zake wakasukuma tikiti kubwa kuliko yote, limeiva mpaka limepata ufa, harufu yake ikatangulia. Chubwi! Likaelea hadi kwenye jiwe. Kalunguyeye akalizuia kwa miiba, nalo likatulia papo hapo katikati ya mto.

Kiboko akatazama tikiti. Akatazama ukingo: Bi Tembo na mkonga wake, kanga na midomo yao. Akilivusha, atabaki na ganda. Mate yakamtoka, do, do, do.

"Shemeji," akanong'ona, "lete hapa hapa."

Kalunguyeye akajibu kwa sauti ya kusikika bondeni kote. "Ningekupa, Bwana Mlinzi! Lakini cha nje hukigusi, wewe ni mtu wa sheria. Tikiti hili, hapa majini, liko nje au liko ndani?"

"Ndani," akanong'ona Kiboko.

"Sikusikia! Maji yana kelele."

"Ndani!" Kiboko akanguruma. "Maji yote haya ni ndani ya Bonde! Kutoka ukingo huu mpaka tope la ukingo ule! Lete!"

"Kasema ndani! Kasema ndani! Kasema ndani!" wakapokea kanga.

Kwaach! Kinywa kikajaa.

"Basi na mimi niko ndani," akasema Kalunguyeye. "Niliingizwa kwa ruhusa ya mlinzi mwenyewe, sijatia ukucha nje, na naomba ukaazi nikiwa humu humu. Bi Tembo, hiyo si ndiyo njia ya ndani?"

Bi Tembo akafumbua jicho moja. "Kiboko, ulimruhusu?"

"Mmmf," akasema Kiboko.

"Meza kwanza."

Akameza, gubu! "Nilimruhusu kukaa kwenye jiwe. Lakini mkuu, maji... maji yako nje kidogo."

"Ahaa. Kwa hiyo umekula cha nje? Na wewe unayelala majini, kila siku unatoka Bonde? Ukaazi wako mwenyewe uko wapi?"

Kanga wakaangua kicheko, ka-ka-ka-ka! Kiboko akazama, akabakiza masikio. Kisha akaibuka na hila ya mwisho, maana mnene akiumbuka huwa mbaya.

"Sawa, yuko ndani! Lakini ndoa yenyewe ni ya kweli? Huyu miiba, yule miiba. Nani amewaona wakikaa pamoja? Wameoana kwa ajili ya maji yetu! Kama ni mume na mke, wakumbatiane hapa, tuone!"

Nungunungu akatolewa katikati ya umati, anatetemeka, miiba inagongana, cha-cha-cha. Akaingia majini mpaka kwenye jiwe. Kalunguyeye akamtazama mumewe. Wakikosea hapa, ni Ng'ambo, ni moto, yeye na watoto wao. Wakakumbatiana.

"Aii!" akalia mke.
"Uwii!" akalia mume.

"Mara ngapi nimekuambia ulaze miiba ya kushoto kwanza?" mke akafoka.

"Na wewe mara ngapi nimekuambia ushushe kiwiko?"

"Kiwiko kimefanya nini? Sema umesahau! Umekaa huku umeshiba maji, umesahau!"

"Nisahau wapi, mke wangu, na tundu lako la mwaka jana bado ninalo hapa begani?"

"Liko wapi? Hebu. Lo, pole. Ulipaka dawa?"

"Nani angenipaka?"

Wakaanza kulia wote wawili, huku wamenasana, hawawezi kuachana.

Bi Tembo akafumbua jicho la pili. "Yatosha. Hao ni mume na mke. Wa kuigiza wangekumbatiana vizuri."

Basi Kalunguyeye akapata ukaazi wa kudumu, na jioni hiyo hiyo akajifungulia Bonde, watoto wenye miiba mirefu upande mmoja na mifupi upande wa pili. Kiboko naye? Hakufukuzwa, nyie! Bi Tembo alisema mtu mwenye uzoefu wa njia zote mbili hapatikani kirahisi. Yupo mpaka leo, na siku hizi anapenda nanasi.

Fundisho la ngano hii, Siwema, ni hili: chagua njia iliyo sahihi, heshimu mlinzi wa mlango, usibishane naye, na akikuambia simama, simama. Kalunguyeye alitii kila alichoambiwa, ndiyo maana akafanikiwa. Hapana hila hata chembe.

Na wewe na huyo mchumba wako mnaoshikana mikono kutwa bila hata kugombana, mtapata tabu sana.

Ngano imevuka, mimi nimebaki na njaa.
— Tukuletee nini, bibi?
Tikiti. Na mlilete huku ndani.