Punje ya Muhanga Kapuni

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika vizuri, ila huyo wa nyuma ameitika kwa pua. Haya, vuteni mikeka, na mwenye mhindi wake mbichi autie makaani sasa, maana nikishaanza sitaki kusikia mtu anauliza kama umeiva.

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo watu na wanyama walikuwa wakiazimana chumvi, palikuwa na kijiji kiitwacho Kichangani. Kijiji hicho hakikuwa na ng'ombe wengi wala mto mkubwa. Kilikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, nacho ni timu yake ya rede.

Rede mnaijua. Wenzetu wawili husimama huku na huku na mpira wa kamba za mgomba, wanarusha. Ninyi mko katikati, mnakwepa, na huku mnakwepa mnajaza mchanga kwenye kibuyu. Anayepigwa hutoka. Kibuyu kikijaa kabla hamjaisha, mmeshinda. Basi wakati huo haukuwa mchezo wa watoto. Vijiji saba vilikuwa vikishindana kiangazi kizima, na watu walikuwa wakiacha ugali jikoni ukiungua ili wasikose.

Sasa kila kijiji kilikuwa kikiwalisha wachezaji wake kwa mtama. Vijiji vyenye mashamba makubwa vikaanza kuwavuta wachezaji wa wenzao kwa magunia, mpaka Korongo, aliyekuwa mwamuzi, akachoka. Akaweka sheria. Kila kijiji kitakuwa na kapu moja la pishi kumi na mbili. Mafungu ya wachezaji wote yatamiminwa humo siku ya kwanza ya kiangazi, mbele ya macho ya watu. Korongo atapitisha kijiti ukingoni, na ikidondoka punje moja tu, kijiji hicho kitakaa nje msimu mzima. Tena, asiye na fungu lake kapuni si mchezaji, na mguu wake usivuke mstari wa uwanja.

Mshika kapu wa Kichangani alikuwa Pimbi, yule mdogo wa majabalini asiyejaliwa mkia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye shingo iliyonyooka. Kazi ile aliipenda kama wengine wanavyopenda dhahabu. Akilibeba kapu kichwani siku ya kwanza, hata wifi yake alikuwa akimwamkia.

Basi mwaka mmoja masika yaliingia kwa fujo, uwanja ukawa tope tupu, na mashabiki wakabaki na kazi moja, kubishana. Ninyi siku hizi mnaita usajili. Wao walikuwa wakikaa chini ya kichanja cha kuanikia mahindi kando ya uwanja, mvua inanyesha, mdomoni wana mabua ya mtama wanayatafuna. Mtama ule ulikuwa ukiota wenyewe pembeni ya uwanja kila mwaka, hakuna aliyeupanda, na kila aliyepita alijivunjia bua lake, akala, akaenda zake. Waliuita mtama wa Mungu.

Mjadala ulikuwa huu. Pofu, aliyekuwa akilishwa pishi tatu, alikuwa ameacha mchezo na kwenda kuoa mbali. Wachezaji wanne waliobaki walikuwa na pishi mbili kila mmoja. Wa tano alikuwa Muhanga, mjaza kibuyu, mzee wa masikio marefu, mwenye pishi moja tu tangu ujana wake. Zikabaki pishi tatu wazi. Na huko Magugani palikuwa na Swala, mkwepaji ambaye misimu miwili hajaguswa na mpira, naye ameleta habari kwamba angependa kuhama. Anataka pishi nne.

Tatu zipo, anataka nne. Hapo ndipo masika yote yalipoishia.

Ngiri alikuwa wa kwanza kusema, maana ndiye aliyekuwa na sauti. Alisema Swala achukuliwe, na Muhanga aachwe. Alisema Muhanga ni mzee, akiinuka magoti yanalia, na ile pishi yake moja ndiyo hasa inayokosekana.

Mama Hiyari, msusi wa makapu, mtu mwenye vidole vigumu na maneno magumu zaidi, akamwambia Ngiri kwamba yeye mwenyewe akiinuka si magoti tu yanayolia. Kwa upande wake hakumtaka Swala kabisa. Alitaka wachukuliwe vijana wawili wa hapo hapo, na hata kama watapigwa mwaka huu, watapigwa wakiwa wa kwetu.

Kwale akaja na hesabu yake. Pishi ni vibaba vinne. Wale wanne, kila mmoja akikatwa kibaba kimoja, pishi itapatikana na Muhanga atabaki. Watu wakaona ni maneno ya akili. Wakaenda kwa wa kwanza, akasema anakubali kabisa, ila waanze na mwenzake. Wakaenda kwa wa pili, akasema anakubali kabisa, ila waanze na mwenzake. Wakaenda kwa wa tatu, akasema hivyo hivyo. Wa nne hawakumkuta nyumbani. Alikuwa amesikia.

Mvua ikanyesha, mabua yakatafunwa, maneno yakazunguka. Mwishowe Ngiri akashinda, si kwa hoja bali kwa kutochoka. Wakasema Swala aje na Muhanga aachwe. Na wa kumpelekea Muhanga habari ni nani? Wote wakamwangalia mshika kapu.

Pimbi hakulala vizuri. Muhanga ndiye aliyemfundisha kupima. Alipokuwa mdogo, yatima, hana pa kusimama, mzee yule alimwekea kibaba mkononi akamwonyesha namna ya kumimina bila kutetemeka. Leo yeye ndiye wa kwenda kumwambia kwamba hana fungu.

Akaenda. Akamkuta Muhanga mlangoni pa shimo lake, akaongea habari za mvua, akarudi.

Akaenda mara ya pili, akaongea habari za paa lake linalovuja, akarudi.

Mara ya tatu akakaa chini, akatazama ndani ya shimo. Juu kabisa, mahali pakavu, aliona kibuyu kimening'inizwa kwa kamba, kimejaa mtama wa mwaka uliopita. Haukuwa umesagwa. Akajiambia moyoni, mzee hali, kumbe amechoka kweli.

Muhanga akamwambia, "Mjukuu wangu, mvua tumeshaimaliza, na paa nimelisikia. Sema lililokuleta."

Pimbi akasema. Alilisema lote, kichwa kimeinama.

Muhanga alitikisa sikio moja, kisha la pili. "Ni Swala yule wa Magugani? Ni mchezaji mzuri," akasema. Kisha akauliza kama siku ile ataruhusiwa kusimama nje ya mstari, atazame. Pimbi akasema ataruhusiwa. "Basi sawa," akasema mzee, akageuka, akaendelea kuchimba.

Pimbi aliondoka na lile "basi sawa" kama mtu aliyebeba kaa la moto. Angetukanwa, angelala.

Masika yakaisha. Ardhi ikakauka, jua likatoka, siku ya kwanza ya kiangazi ikafika. Vijiji vyote saba vikakusanyika Kichangani. Magugani walikuja wamejipaka mafuta, na walipomwona Swala upande wa pili wakamuuliza kama huku nako kuna chakula au ni mchanga tu. Swala akawaamkia tu. Alikuwa kijana mwenye adabu zake.

Korongo akaja kwa hatua zake ndefu, kijiti kwapani. "Ukingo ni ukingo," akasema, kama alivyosema kila mwaka. "Mimina."

Pimbi akamimina. Pishi mbili, pishi mbili, pishi mbili, pishi mbili. Nane. Halafu za Swala, moja, mbili, tatu, nne. Mtama ukafika ukingoni sawasawa, haukupungua wala haukuzidi. Korongo akapitisha kijiti, fyuu. Haikudondoka hata punje. Ngiri akashusha pumzi, akatia bua mdomoni.

"Wameisha?" Korongo akauliza.

Pimbi akainua macho. Nje ya mstari, nyuma ya watu wote, aliona masikio mawili marefu. Mzee alikuwa amejisafisha udongo puani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi ya mwanawe. Amekuja kutazama. Na Pimbi, aliyeshika kapu lile miaka saba kwa shingo iliyonyooka, akaona kwamba leo shingo inakataa kunyooka.

Hapo akaangalia kapu. Masika yote walikuwa wamepima kwa midomo, na hakuna aliyeligusa. Na ninyi akina mama mliowahi kuuza nafaka mnalijua hili. Mteja mchoyo akija, hutikisa kibaba, nafaka inashuka, anataka umwongezee. Ndiyo maana Kichangani kulitikisa kapu kulikuwa aibu. Mtu mwenye heshima humimina akaacha. Lilikuwa jambo la fahari yao, na kwa fahari hiyo hawakuwahi kujua kapu lao lina nafasi gani.

"Bado mmoja," akasema Pimbi.

Ngiri akamsogelea akamnong'oneza, "Shangazi, umeugua? Ikidondoka moja tumekwisha."

Pimbi akamuuliza Korongo sheria inasemaje kuhusu kutikisa. Korongo akafikiri kwa mguu mmoja. Akasema sheria inakataza kumwagika, kutikisa haikukutaja. Lakini ikianguka punje, haitamsikiliza mtu machozi.

"Babu," Pimbi akaita, na sauti yake ikavuka vichwa vya watu, "hapo hapo ulipo, nje ya mstari, piga mguu chini. Polepole."

Muhanga akapiga. Tii. Ardhi ikatetemeka, mtama ukacheza, punje tatu zikapanda juu ya ukingo zikakaa pale, kama watoto juu ya ukuta.

Akapiga tena. Tii. Zile tatu zikayumba, zikarudi ndani.

Akapiga mara ya tatu. Tii. Na mtama wote ukashuka, taratibu, kama mtu anayeketi baada ya safari. Ukashuka kidole kimoja. Ukashuka vidole viwili.

Watu wakaguna. Pimbi akachota pishi ya mzee wake, akainyanyua amimine.

"Ngoja, mjukuu wangu," akasema Muhanga. "Weka punje moja. Inatosha."

Pimbi akadhani mzee amekasirika. Akamwambia hiyo ni haki yake, pishi moja, kama miaka yote.

Muhanga akasema, kwa upole, "Ninyi mmenipima miaka mingapi? Muhanga hula nini?"

Wakatazamana. Ni Kwale aliyejibu, polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Mchwa."

Masika mazima walikuwa wamegombania pishi ya mtu asiyekula mtama.

"Nilikuwa naichukua," akasema Muhanga, "kwa sababu nilitaka kuhesabiwa. Kuila sikuweza."

Ngiri akauliza basi ilikuwa ikienda wapi miaka yote hiyo. Aliuliza kwa ukali, bua likiwa bado mdomoni. Na Mama Hiyari, ambaye jicho lake la ususi limezoea kuona mistari, akageuka kutazama pembeni ya uwanja, ule mtama wa Mungu. Akatazama tena. Ulikuwa umeota kwa safu, shimo na shimo, na kila shimo lina upana wa ukucha mmoja wa muhanga.

Alinyoosha mkono tu, akaonyesha. Watu wakageuka mmoja mmoja. Ngiri alikuwa wa mwisho. Akaacha kutafuna. Akalitoa lile bua mdomoni, akalishika kwa mikono miwili, hajui aliweke wapi.

Pimbi akachukua punje moja, nyekundu, akailaza katikati ya kapu. Korongo akapitisha kijiti juu yake, hakikugusa kitu. "Muhanga yumo," akasema.

Wa Magugani wakacheka, wakasema kapu la Kichangani halikujaa, maskini hawa wana njaa. Pimbi akalinyanyua kichwani, shingo imenyooka kuliko siku zote, akalizungusha uwanja mzima ili kila mtu aone vile vidole viwili vitupu. "Hiyo nafasi mnayoiona," akasema, "ni ya Muhanga. Ninyi mmeijaza ya kwenu kwa mtama."

Rede ikachezwa. Wanne wetu wakapigwa mmoja baada ya mwingine, nadhani kwa sababu walikuwa bado wanaona haya. Wakabaki Swala na Muhanga. Swala akaruka hivi, akaruka hivi, mpira ukamfuata yeye tu, watu wakasahau yupo mwingine. Mwingine alikuwa anachimba. Mchanga ulikuwa ukiingia kibuyuni kama maji. Warushaji walipomkumbuka wakamrushia kwa nguvu zote, lakini kwa kuchimba alikuwa ameshazama mpaka mabegani, na mpira ukapita juu ya masikio yake, ambayo aliyalaza kwa wakati. Mara mkono wenye kucha ukatokea shimoni, umeshika kibuyu, kimejaa mpaka shingoni.

Swala ndiye aliyemvuta atoke. Magoti yalilia, na kila mtu aliyasikia, na hakuna aliyecheka.

Tangu siku hiyo Kichangani hawalijazi kapu. Hupungua vidole viwili, kwa makusudi, na mshika kapu hulitembeza kichwani watu waone. Masika yakifika wanabishana vilevile, hilo halikuisha. Ila kabla mtu hajafungua mdomo kusema nani aachwe, kwanza anaulizwa kama anajua huyo mtu anakula nini.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini kidogo ya ukingo. Nikiongeza neno litamwagika.