Nani Ashike Ufunguo wa Msitu?

Sogeeni. Nina kesi imenishinda, na leo hatoki mtu hapa mpaka nipate hakimu.

Mtaa wetu wa Bomba Mbili umepakana na msitu. Wenye magari huingia kwa lango kuu, upande wa pili. Upande wetu kuna mtaro mpana na kilango chenye kufuli la miaka mingi. Watoto wetu walisikia ndege wakilia humo bila kuwaona.

Mtaani wapo watu watatu. Bi Siwema, muuza vitumbua, kajaliwa mdomo. Fundi Kombo, seremala, kajaliwa mikono. Na Tunu, binti wa miaka saba, kajaliwa adabu.

Bi Siwema alikwenda ofisi ya misitu siku tisa mfululizo, kuomba watoto wafunguliwe kilango. "Kwani huo msitu mmeuumba nyie?" Siku ya kumi Lukindo, bwana misitu, akachoka. "Haya mama, waje Jumamosi niwaone. Wakiwa wahuni, sifungui."

Fundi Kombo akautazama mtaro. Wa kuruka ataruka, lakini Hamadi wa kiti cha magurudumu je? Mbao hana. Akavunja kitanda chake mwenyewe, akatengeneza daraja. Mpaka leo analala mkekani, wala hajuti.

Jumamosi watoto arobaini wakavuka, Hamadi mbele. Lukindo akawatazama, akakunja uso. "Hawa watanimalizia miti," akasema, akarudisha ufunguo mfukoni. Bi Siwema akambembeleza, akamfokea, wapi!

Tunu akavua kandambili, akazipanga kando kama afanyavyo mlangoni kwa watu. "Hodi wenyewe!" akauita msitu. Watoto wote wakavua. Hamadi naye akaomba avuliwe viatu vyake.

Lukindo alicheka mpaka akajifuta machozi. "Karibuni wanangu! Ila vaeni viatu, humu mna miiba."

Siku hiyo, jamani, hata mimi nilipanda mti! Jioni Lukindo akasema, "Kilango ni chenu kila Jumamosi. Lakini ufunguo ni mmoja, na namkabidhi mtu mmoja tu."

"Nimeusotea siku kumi," akasema Bi Siwema.

"Bila daraja mngeishia mtaroni," akasema Fundi Kombo.

"Lakini aliyebisha hodi ni mimi," akasema Tunu.

Kesho ni Jumamosi tena, Lukindo anangoja jina moja, na kufuli bado limefungwa. Hamadi ameshaniuliza mara tatu, viatu viko miguuni. Je, wewe ungemkabidhi nani?