Mgeni Achagua Kisu

Paukwa!
Pakawa!
Masikio yako wapi?
Yako kwako, bibi.

Basi hapo kale palikuwa na msichana, jina lake Mgeni, msuka mikeka. Yeye na dada yake Mize walizoea kwenda mwituni kukata ukindu wa kusukia.

Siku moja Mize akaenda peke yake, asirudi. Watu wakalikuta panga lake limeegemezwa kwenye mti, halina hata tone la damu. Wakasema, "Kachukuliwa na zimwi." Wakarudi makwao.

Mgeni akabaki palepale, akilitazama panga. Mtu mwenye panga anashikwaje bila kupigana? Akainama kama anayefunga mzigo wa ukindu. Hapo akaelewa. Mikono miwili ikishika mzigo, panga hukaa chini.

Basi akaenda kwa mhunzi, Fundi Vuai.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Unataka nini?"

"Kisu ambacho sitakiweka chini."

Fundi akampa jambia refu linalong'aa. Mgeni akalichomeka kiunoni, akachuchumaa, likamchoma ubavuni.

"Hili silo."

Fundi akampa kisu chenye mpini wa pembe, kimetiwa nakshi. Mgeni akalowesha mkono, akakishika, kikateleza.

"Hiki sicho."

Fundi akapekua chini ya mifuko ya makaa, akatoa kisu kidogo cha kukunja, mpini wake wa mti. Mgeni akakikunjua kwa mkono wa kulia. Akakikunjua kwa mkono wa kushoto. Akakikunjua amefumba macho. Akausukuma mgongo wa makali yake aone kama kitamfungia vidole. Hakikujifunga, kilikuwa na komeo. Akakata kamba, akakata ngozi.

"Mbona unakichunguza hivyo, na chenyewe kidogo?"

"Ndicho nitakachotembea nacho kila siku, fundi. Nataka tujuane."

"Na zimwi kitaliua?"

"Sijui. Kikinitoa mikononi mwake kinanitosha."

"Hicho ndicho," akasema fundi.

Mgeni akakitia kwenye kibindo cha kanga yake, na kesho yake asubuhi akaenda mwituni. Akakata ukindu kwa kisu hicho, akakirudisha kibindoni. Alipoinama kufunga mzigo, kitu kikamzonga miguu, kikapanda kiunoni, kikambana mkono wa kulia. Nywele! Zimwi lilikuwa limekaa nyuma ya kichuguu, na nywele zake zikitambaa ardhini kama mizizi.

"Una panga?" likauliza.

"Sina."

"Una mkuki?"

"Sina."

"Una shoka?"

"Sina."

Zimwi likacheka, likamburura mpaka shimoni kwake. Mle ndani alikuwamo Mize, kafungwa nywele mpaka kidevuni, anahema kwa shida.

Mkono wa kushoto wa Mgeni ukaingia kibindoni, ukakikunjua kisu. Akakata shungi la kwanza, mkono wa kulia ukafunguka, na zimwi likapungua kimo. Akatazama kwa mshangao. Akakata shungi la pili, miguu ikafunguka, na zimwi likapungua tena. Akakata shungi la tatu, lililomfunga Mize, na zimwi likawa dogo kama kuku.

Shungi moja tu lilibaki kichwani.

"Niachie hili," likaomba kwa sauti nyembamba.

Mgeni alitamani sana kujua kitakachotokea akilikata. Akanyanyua kisu. Nyuma yake Mize akajaribu kusimama, akaanguka.

Basi Mgeni akakikunja kisu, akambeba dada yake mgongoni, akatoka. Wakaenda, wakaenda, wakaenda.

"Umelimaliza?" Mize akauliza njiani.

"Sikulimaliza."

"Na kama litaota nywele tena?"

"Labda. Wewe ulikuwa huwezi kungoja."

Mize akalaza shavu lake kwenye bega la mdogo wake, akalia kimyakimya mpaka wakafika kwao.

Hadithi yangu imefika ukingoni, nami nakaa hapo. Wanangu, silaha haichaguliwi kwa kung'aa, huchaguliwa kwa kazi yake. Na kazi ikishakwisha, ikunjeni, mrudi nyumbani na mtu wenu.