Kwa Nini Bomba Hucheka Kabla ya Kutoa Maji

Zamani, kabla bomba halijajua kukohoa, kisiwa cha Ukavuni hakikuwa na hata kisima cha kuoshea maiti. Maji yalivushwa bandari kwa mitumbwi kutoka ng'ambo, kwenye chemchemi ya Bi Saumu, nusu yakimwagika njiani. Mize, ambaye Bi Saumu alikuwa mavyaa yake, mama wa mumewe, mtungi ulikuwa umemtoa upara utosini. Basi lilipoanza kujengwa bomba la kupita chini ya bahari, hakuna aliyelitamani kuliko yeye.

Wanaume walitoboa magogo, wakayaunga kwa nta na makumbi, wakayafunga mawe, wakayazamisha, kutoka chemchemi mpaka Ukavuni. Kazi ikaisha. Bi Saumu akabaki ng'ambo na gunzi lililoziba mdomo wa juu, akingoja alasiri alizibue. Huku, Mize akawekwa alinde mdomo wa chini.

Kulinda kimya kimya, Mize? Thubutu! Akaliegemea bomba, akamwambia shoga yake, "Mavyaa yangu huyo, mchuzi wake waweza kuuogea. Na akikoroma, kuku huhama banda!"

Lo! Walisahau kwamba bomba tupu ni koo. Ng'ambo, Bi Saumu alikuwa amechomoa gunzi kidogo, achungulie. Umbeya ukavuka bandari kabla ya maji.

"Mize mwanangu," bomba likasema, "kumbe mchuzi wangu maji? Basi maji yangu nayaweka, yasije yakakuharibia mboga."

Gunzi likarudi, pwu! Alasiri ikafika, kisiwa kizima kimepanga mitungi, tone halionekani. Shoga yake akamfichua, maana shoga ndiye shahidi wa kwanza. Macho yote kwa Mize. Akauona mtungi ukirudi utosini, na safari hii akibebeshwa pamoja na laana za watu.

Akapiga magoti, akabandika midomo kwenye bomba. "Shikamoo, mama!"

Akaita mpaka gunzi likalegezwa. "Sikusikii. Salimiana na mchuzi."

"Mchuzi wako mzito, mama! Kijiko chasimama wima!"

"Na kukoroma?"

Mize akafikiri. Uongo nao una adabu zake. "Hukoromi, mama. Unavuta uradi, unamtaja Mungu usingizini!"

Bi Saumu alikuwa mtu wa kicheko. Kikamtoka cha tumboni, kho-kho-kho, gunzi likamponyoka mkononi. Kicheko kikatangulia bombani, upepo ukakifuata, maji nyuma. Mize hakuwahi kutoa mdomo. Aliinuka amelowa mpaka kiunoni, mashavu yamejaa, na watu wakamcheka huku wakikinga.

Na tangu siku hiyo bomba hukohoa na kucheka kwanza, ndipo likatoa maji. Wanawake wa Ukavuni hufumba vinywa mpaka yatiririke, maana bomba kavu lina masikio. Yakishatiririka, kila mtu husengenya atakavyo, na mavyaa wa ng'ambo hasikii kitu.