Mbiu ya Daraja la Chini

"Mto ukijaa hauulizi daraja." Mmeisikia leo msibani mkacheka pembeni, mkanong'onezana, kwani kuna mto unaouliza? Chekeni, midomo ni yenu. Lakini methali hii ilizaliwa na kilio, na kwa kuwa mmeuliza, kaeni niwaeleze.

Katika mji wa Kisimba, ulio bondeni kando ya mto Luwa, watu walijuana kwa madaraja. Yalikuwa mawili, yote ya magogo. Daraja la juu lilikuwa upande unakotoka mto, na hapo waliishi wafinyanzi, wachoma mkaa na wachukuzi. Daraja la chini lilikuwa karibu na soko, penye maduka na nyumba za mawe. Ukimwuliza mtu kwao wapi, alikujibu, "Mimi wa daraja la juu," akashika njia yake. Neno hilo halikuwa na majivuno wala matusi ndani yake.

Mkuu wa mji alikuwa Jumbe Mwinchande. Mwaka mmoja aliitwa na wakubwa, akapanda gari moshi, akaketishwa daraja la kwanza. Lo! Aliporudi ulimi wake ulikuwa umehama. Watu aliokula nao sinia moja tangu utoto alianza kuwapanga kwa matabaka: huyu bwanyenye, yule kabwela, yule hohehahe. Ninyi siku hizi mngesema walalahoi. Akawaambia wazee barazani kwake kwamba kila binadamu ana daraja lake, la juu au la chini, na hujulikana kwa nyumba yake na kwa chakula chake. Wazee wakaitikia, "Naam, Jumbe," kwa adabu tu, kisha wakaondoka wakaenda kulima. Maana hiyo mpya haikutoka nje ya baraza lake. Mji mzima daraja lilibaki kuwa magogo ya kuvukia.

Jumbe alikuwa na mtoto mmoja tu, Siwema, aliyeolewa na mwuza nguo. Nyumba yao ilitazamana na daraja la chini. Jumbe alimpenda binti yule kuliko macho yake, na Siwema naye hakuwahi kumvunjia baba yake neno hata moja.

Masika ya mwaka ule mvua ilinyesha milimani bila kukoma. Asubuhi moja maji yakapanda hadi yakafunika madaraja yote mawili. Njia ya kufika ng'ambo, kwenye kilima, ikabaki mitumbwi michache. Jumbe akamwita mpiga mbiu, jina lake Ngwali.

"Tangaza mji mzima," alimwambia. "Watu wa daraja la juu wavushwe kwanza. Wa daraja la chini wangoje."

"Wangoje, Jumbe? Na maji haya?"

"Wangoje. Kila mtu na daraja lake. Unataka nirudie?"

Ngwali akapuliza pembe, akaipeleka mbiu kama alivyopewa. Jumbe yeye akavuka mapema, eti kuwaandalia watu mahali pa kukaa. Alisimama ng'ambo kwenye tope akiwa na hakika kwamba mtumbwi wa kwanza kufika ungekuwa na Siwema.

Mtumbwi wa kwanza ukafika. Walishuka wafinyanzi. Wa pili ukafika, wakashuka wachukuzi, na wachoma mkaa na watoto wao, weusi kwa masizi. Jumbe akapandwa na hasira.

"Ninyi makabwela! Nani kawaambia mpande?"

Mfinyanzi mmoja mzee, Bi Chausiku, akamtazama kwa mshangao. "Si wewe, Jumbe? Mbiu imelia, watu wa daraja la juu kwanza. Sisi wa daraja lipi kama si la juu?"

Jumbe akageuka kuutazama mto. Mimi mpaka leo nikifika hapa mwili hunisisimka.

"Siwema," alisema. "Siwema mmemwona?"

"Tumepita mlangoni kwake, mkondo ulitusukuma huko. Yupo barazani, maji yamemfika magotini, anawatuliza majirani. Nilimwambia, mwanangu, panda, tutabanana. Akanijibu, 'Ahsante, bibi. Baba kasema sisi wa daraja la chini tungoje. Tukivunja amri sisi, nani ataifuata?'"

Jumbe alipiga ukelele ambao watu wa Kisimba hawajawahi kuusahau. Akaingia majini na kanzu yake, wakamshika. Wachukuzi wale wale aliowaita makabwela wakageuza mitumbwi, wakapiga makasia kurudi kule kule walikotoka.

Walikuta maji matupu. Magogo ya daraja la juu yalikuwa yameng'oka, yakaja na mkondo yakaibomoa safu yote ya nyumba za mawe. Baraza halipo, nyumba haipo, na Siwema na majirani zake hawapo. Waliopatikana walipatikana siku za baadaye, mbali sana, kwenye matete. Wafinyanzi ndio waliomwosha Siwema, maana wanawake wa mtaa wake walikuwa wamekwenda naye.

Kwenye matanga alikuja mgeni kutoka mji wa jirani kutoa pole. Alikuwa mtu mwema, hakujua chochote. Alikaa mkekani karibu na Jumbe, akauliza taratibu, kama yeyote anayeijua Kisimba angeuliza:

"Poleni sana. Hivi marehemu wetu hawa walikuwa wa daraja gani?"

Watu wote waliinamisha vichwa. Jumbe Mwinchande alimtazama yule mgeni aliyelitaja neno lile alilolipenda kuliko yote. Kisha akajibu:

"Ndugu yangu, mto ukijaa hauulizi daraja."