Ukuta Mweupe wa Tumpale

Mwanamke mmoja aitwaye Tumpale alikuwa na nyumba huko Rungwe, milimani, mahali ambapo mvua haikawii kurudi. Ukuta mmoja wa sebule yake ulivuta unyevu kutoka chini, na kila masika doa lilipanda juu yake. Binti yake Atupele alipopata mchumba, na wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja kujitambulisha, Anyosisye, mume wa Tumpale, alileta rangi ya kahawia iliyokolea. Rangi hiyo, alisema, humeza kila doa. Hakuna mgeni atakayejua. Tumpale aliikataa. Alitaka nyeupe.

Walibishana mchana kutwa. Majirani walimwona mkaidi, mtu anayejitafutia aibu kwa mikono yake mwenyewe. Mwishowe alishika brashi, akapanda juu ya stuli, akapaka nyeupe sebule nzima, na mumewe akabaki nje amenuna.

Wiki ile mvua ilinyesha. Asubuhi ya ugeni doa lilikuwa limejitokeza, bichi, refu kama mtu aliyesimama. Anyosisye akaanza kusukuma kabati ili alifunike. Tumpale akaweka mkono juu ya kabati. Aibu ilimchoma, na sauti za wageni zilikwisha kusikika njiani, lakini mkono hakuuondoa.

"Baba Atupele," alisema, "tukiliziba leo, kesho nani atalitibu?"

Wageni waliingia, wakaliona, wakanywa chai yao. Posa haikuvunjika. Walipoondoka Anyosisye alitoka nje. Alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akachimba usawa wa lile doa. Alikuta maji ya paa yamekuwa yakituama chini ya msingi miaka yote hiyo. Aliyashika mawe ya msingi, nayo yakacheza kama meno ya mzee. Ukuta ule ndio alioegemezea kitanda cha binti yake, upande wa chumba cha pili. Akaketi kwenye tope, akamwita mkewe aje aone. Wakachimba mfereji pamoja, wakayajenga upya mawe yale kwa saruji.

Basi ninyi mnaonisikia, rangi iliyokolea haijapata kukausha ukuta. Mliokwisha kuipaka mioyo yenu ili mgeni asione doa, msingi wenu mliuchimbua lini mkautazama?